Aliyecheka Peke Yake Ghalani

Harufu ya gunia la katani inapokutana na harufu ya petroli, ulimi wangu huwa mzito. Mwezi uliopita zilikutana ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Ruangwa, katika chumba cha uani ninamohifadhi ufuta. Mvua ilikuwa inanyesha. Twaha, mtoto wa kaka yangu, alikuwa ameiingiza pikipiki yake ndani isilowe, akajitupa juu ya magunia yangu na simu mkononi, akawa anacheka peke yake.

“Shangazi, njoo uwaone hawa,” aliniita. “Wezi wa Kiingereza. Wanavunja benki huku wanaombana radhi.”

Nilitazama kidogo. Watu waliovaa suti walikuwa mbele ya tundu walilotoboa ukutani, kila mmoja akimhimiza mwenzake apite kwanza. Kisha Twaha, kama walivyo vijana wa sasa, akaiacha filamu yenyewe na kuanza kunisomea maoni ya waliokwisha kuitazama.

“Huyu anasema amecheka mpaka mbavu zikamuuma. Huyu anasema upuuzi mtupu, wezi wamefanywa mashujaa. Huyu anasema alimjua msaliti tangu mwanzo. Na huyu anamjibu: mwongo wewe, hukumjua.” Akatikisa kichwa. “Watu wanagombana kweli, Shangazi. Kwa ajili ya filamu!”

Nilimwambia kwamba niliwahi kuona kijiji kizima kikigombana kwa ajili ya filamu, na haikuwa kwa maandishi. Akaniangalia, akisubiri niendelee. Sikuendelea. Ninaendelea hapa, kwenu ninyi, kwa sababu katika jambo lile nilimshuku mtu vibaya kwa miaka mingi, na mtu huyo hayupo tena nikamwombe radhi.

Niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata kwa vitabu vya kuazima na kwa kuuliza, na nimejizoesha jambo moja: habari yenye shahidi mmoja naiweka kando mpaka apatikane wa pili. Katika habari hii shahidi wa pili nimempata mwaka huu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tuliishi katika kijiji kimoja cha Nachingwea, upande wa kwenda Marambo, na Baba alikuwa mlinzi wa ghala la chama chetu cha msingi, mahali wakulima walipokusanyia korosho kabla lori halijaja kuzichukua. Lilikuwa jengo la matofali lenye paa la bati, mlango wa chuma wa mabawa mawili, na vidirisha viwili vidogo juu kabisa, vimezibwa kwa wavu. Mchana wa jua kali ukiingia humo na mlango ukafungwa, ulikuwa huoni kiganja chako.

Mkulima alileta gunia lake likiwa wazi. Karani wa chama alitumbukiza mkono, akachota korosho, akazitazama, akapima gunia mzanini. Mkono wa karani ulifika kwenye kiwiko, haukuzidi hapo. Baada ya kupima, mwenye gunia alilishona mdomo mwenyewe, kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na uzi wa katani. Kila nyumba ilikuwa na mshono wake. Wapo walioshona kwa kukingamisha, wapo waliozungusha, wapo waliomalizia kwa mafundo mawili. Mama alishona juu mbili chini moja, na mwishoni alifunga kipande cha kanga ya bluu. Wazee wengi hawakujua kusoma, lakini ukiwaonyesha mshono walikutajia jina la mwenyewe, na la mama yake aliyemfundisha.

Kwa hiyo Baba alikuwa na usemi wake. “Mlinzi halindi korosho,” alipenda kusema. “Mlinzi analinda mshono. Mshono ukiwa mzima, naye mzima.”

Msimu ule, kabla hatujapeleka gunia letu, Mama alinituma barabarani, mahali katapila lilipoacha lundo la kokoto. “Niletee makopo mawili,” alisema. “Mvua zinakuja, tuweke mlangoni tusikanyage tope.” Nilileta. Pamoja na kokoto niliokota kipande cha sahani kilichovunjika, chenye ua la bluu, nilichokitaka kwa mchezo wa nyumba, lakini kikapotelea humo kwenye kopo. Mlango wetu haukuwekwa kokoto mwaka ule. Sikuuliza. Nilichokisikitikia ni kile kipande cha sahani.

Wiki hizo ndipo alipokuja Bwana Shaweji kutoka Ruangwa. Alikuja na baiskeli mbili na kijana wa kumsaidia kusukuma. Juu ya moja alikuwa amefunga televisheni iliyozungushiwa godoro, juu ya nyingine jenereta, na mgongoni alibeba deki ya video kama mama anavyobeba mtoto. Alikuwa mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na sauti kubwa kuliko kifua chake. Alitangaza kwamba anaonyesha mchana, kwani usiku mwanga wa televisheni huvuta mbu na wadudu. Alichohitaji ni nyumba yenye giza. Nyumba yenye giza mchana ilikuwa moja tu.

Basi baada ya sala ya adhuhuri, Jumamosi, kijiji kizima kikaingia ghalani na mlango ukafungwa. Watu walikaa juu ya magunia, kila mmoja pale alipoona, wengi juu ya gunia lake mwenyewe, kwa kuwa mtu hukaa kwa raha zaidi juu ya kilicho chake. Mimi nilichelewa. Nafasi iliyobaki ilikuwa juu ya bamba la mzani, pembeni kabisa ya televisheni. Nilipokaa hapo sikuiona video. Niliona watu. Mwanga ulikuwa unawamulika usoni, mara buluu, mara mweupe, na sauti ya Bwana Shaweji ilinipa masimulizi, maana video ilikuwa ya Kiingereza na yeye alisimama na fimbo akitafsiri.

Ilikuwa hadithi ya Waingereza wanne walioamua kuiba mifuko ya sarafu za dhahabu. Kiongozi wao havui glavu hata akila. Wa pili mnene, ana mwavuli. Wa tatu akiogopa hupiga chafya. Wa nne ni mama muuza maua mwenye sauti ya upole. Mifuko imefungwa kwa lakiri, ile nta ya muhuri, ndani ya ghala, na mlangoni yupo mlinzi mwenye masharubu anayekunywa chai. Kila wezi wanapopita, anawapigia saluti.

Kicheko kilikuja kwa mafungu. Kwanza walicheka waliosikia Kiswahili cha Shaweji. Kisha wajukuu waliwanong'oneza bibi zao kwa Kimwera, nao wakacheka. Kisha kule nyuma, ukutani, Bwana Simoni aliwaeleza wenzake kwa Kimakonde, na mwisho kikatoka kicheko cha tatu. Bwana Simoni alikuwa amehamia kwetu na familia chache kutoka ng'ambo ya Ruvuma, watu wa kanisani, wachapakazi, lakini bado waliitwa wageni. Mara nyingine kicheko cha tatu kilitoka wakati kwenye video kuna maziko, na hapo watu wa mbele wakawacheka wa nyuma, ikawa kicheko cha nne.

“Baba Somoe!” alipiga kelele Bi Mwanahawa, jirani yetu, mwanamke mkubwa mwenye mdomo usiochoka. “Mwangalie ndugu yako, mwenye masharubu! Mpe pole, anaibiwa!”

“Anafanya kazi yake,” Baba alijibu kutoka mlangoni. “Lakiri nzima.”

Bi Mwanahawa alicheka mpaka akaanguka nyuma juu ya gunia, akajifuta macho kwa kanga.

Halafu ikafika mahali pake. Wezi wamefanikiwa. Wamefika nyumbani, wamefunga pazia, wamekaa mezani. Kiongozi akakata mfuko wa kwanza, akaumimina. Sikuona, lakini nilisikia. Hata kwenye spika mbovu ya Shaweji, ulikuwa mlio ambao hauhitaji kutafsiriwa. Zilikuwa kokoto.

Ghala likanyamaza. Niliona nyuso zote zimesimama, midomo imefunguka nusu. Na kutoka mlangoni, peke yake, Baba akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kifupi, cha puani, kama cha mtu aliyekutana njiani na mtu asiyetaka kukutana naye. Mfuko wa pili, wa tatu, wa nne, yote kokoto, na kwenye video wezi wakaanza kutazamana, kila mmoja anamshuku mwenzake. Kiongozi akafungua mdomo amtaje aliyebadilisha. Jenereta likakohoa, likazima.

“Petroli imekwisha, ndugu zangu,” ilisema sauti ya Shaweji gizani.

Walimtukana mpaka mlango ulipofunguliwa. Alifunga vitu vyake, akaahidi kurudi, akaondoka na baiskeli zake kuelekea Nambilanje.

Kwa wiki mbili hatukuwa na mazungumzo mengine. Nani alichukua dhahabu? Bi Mwanahawa alisema ni muuza maua, kwa sababu mwanamke mpole ana jambo. Bwana Simoni alisema ni kiongozi, kwani asiyevua glavu anaficha mikono. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alipenda kumaliza mazungumzo, alisema video yenyewe haina maana, inafundisha watoto wizi. Kijana mmoja fundi baiskeli alikuwa anapita vijiani akiigiza chafya za yule mwizi mwoga, na watoto wakimfuata. Mashineni, kisimani, kwenye kibaraza cha msikiti, kila mmoja alikuwa na mtu wake.

Walipomuuliza Baba, alisema, “Hakuna aliyebadilisha. Dhahabu haikuwamo tangu mwanzo.”

“Na lakiri?”

“Lakiri haijui kilichomo.”

Mama hakuwa na maoni. Mtu akiitaja video, alikumbuka kuwa ana kitu jikoni.

Lori lilikuja, likachukua korosho kwenda Nachingwea mjini. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, likarudi na magunia yote. Karani alishuka akiwa ameshika kopo la maziwa, akalimimina chini mbele ya ghala. Kokoto. Alieleza kwamba kule mjini hawatumii mkono. Wanatumia bambo, chuma chenye ncha na mfereji, wanalichoma gunia katikati, na kilichomo kinateleza nje chenyewe. Walichoma gunia la kwanza, la tano, la kumi. Wakaacha kuhesabu.

“Wamesema tukatafutane wenyewe,” alisema karani. “Hawapokei hata punje ya kijiji hiki mpaka ajulikane aliyefanya.”

Mavuno yetu ya mwaka mzima yalikuwa yamekaa juani mbele yetu. Mkutano ulikaa hapo hapo.

Sijapata kuona watu wakikubaliana upesi hivyo. Magunia yalikuwa ghalani wiki tatu. Ghala liliingiwa na watu siku moja tu, siku ya video, na mlango ulifungwa, giza. Na video yenyewe imefundisha namna ya kubadilisha. Basi mwizi alikuwa miongoni mwa watazamaji. Mmoja akapaza sauti kwamba ni Shaweji, watu wa Ruangwa anawajua, wanakuja na mashine kuwafumba wenzao macho. Mwingine akasema waulizwe waliokaa nyuma ukutani, karibu na magunia ya juu.

Bwana Simoni alisimama. “Mimi nilikaa nyuma,” alisema, “kwa sababu mbele mlikwisha kukaa ninyi.”

Mwenyekiti alinyanyua mkono. Alisema hatutamshika mtu kwa kabila wala kwa dini. Tutamshika kwa akili. Kila aliyekuwemo aseme, mbele ya watu wote, ile video aliionaje.

Leo nikimsikiliza Twaha akisoma maoni ya watu wasiojulikana, kila mmoja akisema lake bila kutetemeka, nakumbuka asubuhi ile. Watu waliotetea video kwa wiki mbili waliikana mmoja baada ya mwingine. Aliyesema ni nzuri akasema hakuielewa. Aliyesimulia mwanzo mpaka mwisho akasema alisinzia.

“Mimi haikunipendeza hata kidogo,” alisema Bi Mwanahawa. “Iliniumiza kichwa.”

“Bi Mwanahawa,” ilisema sauti, “si wewe uliyeangukia gunia kwa kucheka?”

“Nilianguka kwa kizunguzungu!”

Fundi baiskeli alikuwa hajafungua mdomo. Vumbi la magunia likampata, akapiga chafya, safari hii ya kweli, na mkutano mzima ukageuka kumtazama. Maskini alianza kuapa kabla hajaulizwa.

Mwishowe Mwenyekiti akamgeukia Baba. “Baba Somoe. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Na wewe ulisema dhahabu haikuwamo tangu mwanzo. Ulijuaje?”

“Niliwaza tu, Mwenyekiti.”

“Uliwaza.” Akawageukia watu. “Basi yupo mtu mmoja ambaye hakuitazama video. Aliwatazama watu. Somoe, mwanangu, hebu njoo.”

Nilisimama katikati, miguu yangu juu ya zile kokoto zilizomwagwa. Ubaoni darasani mwalimu wetu alikuwa ameandika kwamba njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa mtoto wa kuamini ubao.

“Usiogope,” alisema Mwenyekiti. “Sema kweli. Zile kokoto zilipomwagika kwenye video, nani alicheka?”

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama chini.

“Baba,” nikasema.

“Na nani mwingine?”

“Hakuna. Baba peke yake.”

Mvumo ulipita kama mvua inavyopita juu ya bati. Mtu akasema mwizi humtambua mwizi. Mwingine akasema apelekwe polisi Nachingwea leo leo, lori si hili hapa? Nikaelewa nilichokifanya, nikataka kusema tena, lakini sikuwa na kweli nyingine ya kusema.

Baba alisimama bila haraka. Alikwenda kwenye magunia, akayapitia kwa macho, akalivuta moja mpaka katikati. Lilikuwa na kipande cha kanga ya bluu.

“Mshono huu ni wa nani?” aliuliza. “Ni wa nyumbani kwangu,” akajijibu. “Karani, tazama. Gunia likishonwa mara ya pili huwa na matundu yasiyo na uzi. Lipo tundu tupu hapo?”

Karani aliinama, akapitisha kidole. “Hakuna.”

Baba akakata uzi kwa kisu, akaliinua gunia kwa pembe zake mbili za chini, akalimimina. Kwanza zilitoka korosho, na sauti yake kavu niijuayo. Kisha sauti ikabadilika. Zikatoka kokoto, na pamoja na kokoto, likiwa limelala juu ya lundo kama limewekwa kwa mkono, ua la bluu kwenye kipande cha sahani.

Baba alisema, “Hili ni langu. La kwangu nimelikubali. Hayo mengine mishono yake ni mizima. Kila mmoja aje autambue wake, nikate.” Akamgeukia Mwenyekiti. “Tuanze na lako?”

Maneno hayo niliyasikia, lakini hayakuniingia. Nilikuwa nakitazama kile kipande cha sahani. Kokoto zile nilizileta mimi.

Hakuna aliyekuja kutambua mshono. Mwenyekiti alitazama mbingu kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mwezi mchana. Kisha akatoa uamuzi. Korosho, kama alivyoziona yeye, zilikuwa na unyevu. Kila mtu achukue gunia lake, akazianike upya nyumbani, wiki ijayo zipimwe tena. Ama Baba Somoe, kwa kuwa amekiri la kwake, hataendelea kushika ufunguo. Mambo ya polisi yasitajwe tena. Mkutano umefungwa.

Sijui watu waliondokaje upesi vile na mizigo mizito vile.

Wiki iliyofuata mvua zilianza, na nilishangaa kuona kwamba mwaka ule kijiji chetu hakikuwa na tope. Kila mlango ulikuwa umemwagiwa kokoto. Hata kijia cha kwenda kwa Mwenyekiti. Niliona ni watu wenye bidii.

Jioni ya ule mkutano nilimfuata Baba uani, alikokuwa anachambua korosho zetu. Nilitaka anipige, liishe. Aliendelea kuchambua. “Ulijibu ulichoulizwa,” alisema, na hakusema zaidi.

Nililichukua kuwa lawama. Shuleni waliniita Kokoto mpaka nilipomaliza. Na polepole, kwa akili yangu ya kutafuta mpangilio, nikaujenga ushahidi: Mama alinituma, Mama hufanya anayoambiwa na Baba, Baba alikuwa na ufunguo, Baba alicheka. Ukakamilika. Tangu hapo, akirudi na kitu chochote nyumbani, sukari, jembe, kipande cha samaki, nilimuuliza kakipata wapi. Alinijibu kila mara, kwa utulivu, jina la muuzaji na mahali, kama anayemjibu karani. Hakuwahi kuniambia niache. Aliendelea kulima mpaka alipofariki, na mimi, binti yake, nilimzika nikiwa bado sijaacha kumuuliza moyoni.

Sasa shahidi wa pili. Siku chache baada ya ile ya pikipiki, simu ya Twaha ililowa, akaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na simu karibu na soko la Ruangwa. Nilikwenda kuichukua. Mzee alikuwa mwembamba, meno ya mbele yameachana. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza kama aliwahi kutembea vijijini na video.

“Nani kakuambia?” Alifurahi. “Nachingwea yote nimeimaliza mimi. Marambo, hata Nambilanje ya huku Ruangwa, kote.”

Nikamuuliza kuhusu video ya mifuko ya dhahabu, na petroli iliyokwisha.

Alinitazama juu ya miwani yake, akapima kama bado naweza kumdai. “Petroli haikuwahi kwisha,” alisema. “Nilikuwa nazima. Mkiumaliza mkanda mtaniitia nini tena? Nawaacha mgombane, mwezi ujao mnaniita wenyewe.”

“Na dhahabu alichukua nani?”

“Ah, mama, nimesahau. Nadhani yule wa maua.” Akafuta kioo cha simu kwa pindo la shati. “Ila pale penye kokoto ndipo palipokuwa biashara yangu. Marambo walicheka mpaka wakavunja benchi. Nambilanje mzee mmoja alitolewa nje apate hewa. Kila mahali. Kijiji kimoja tu, kile chenye ghala, kokoto zilipomwagika kukawa kimya. Nilidhani spika imeungua. Nikazima kabla ya wakati wangu kwa kuogopa.”

Nilichukua simu nikaenda moja kwa moja kituoni, nikapanda gari la Nachingwea. Mama sasa ni mzee, haoni vizuri, anakaa kwa mdogo wangu. Nilimkuta anabangua korosho kwa kupapasa. Sikuzunguka.

“Mama, zile kokoto, Baba ndiye aliyekutuma?”

Alicheka bila sauti. “Baba yako? Hakujua. Nani angemwambia mlinzi? Ila kila nyumba iliweka, mwanangu. Kila nyumba! Mwanahawa alinionyesha zake. Niwe mjinga peke yangu?” Akapapasa korosho nyingine. “Alijua alipoyabeba magunia kuyapanga ghalani. Yalikuwa yanalia begani, moja baada ya jingine. Akanyamaza. Mpaka lilipofika letu. Siku ile alirudi nyumbani, akasimama hapo mlangoni, akaniuliza neno moja tu. ‘Na sisi?’ Basi.”

Nilirudi Ruangwa nikiwa nimekaa dirishani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile nikarudi kimawazo kukaa juu ya bamba la mzani. Nilizipitia nyuso moja moja, kwa utaratibu, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Mwanga wa buluu. Sauti ya kokoto. Bi Mwanahawa ameziba mdomo kwa kanga. Fundi baiskeli ameinamisha kichwa. Bwana Simoni, kule nyuma, hajaeleza kitu kwa Kimakonde, na wenzake hawajamuuliza. Mwenyekiti ameshusha mkono taratibu na kuuweka juu ya gunia alilokalia, kama anavyowekewa mkono mtoto asilie. Mama naye. Mikono ile yote ilikuwa inashuka, gizani, na macho yangu yaliiona, na mlangoni mtu mmoja alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa amekwisha kumaliza kushangaa.

Baba alisema nilijibu nilichoulizwa. Ni kweli. Niliulizwa nani alicheka. Hakuna aliyeniuliza nani alinyamaza.